Ukurasa wa Mia Moja na Kumi na Tatu

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
tumeyatandaza mezani majalada ya zamani
kama wauza dagaa: haya yamekauka, haya yamevunda.

Toleo la kwanza: kijani kitupu, herufi nyeusi,
bei imechapwa pembeni, shilingi nne na senti hamsini.
La pili: fuvu.
La tatu, Mungu amsamehe aliyelichora,
jini lenye pembe, meno ya msumeno,
na mwanamke anakimbia, kanga inamdondoka.
"Nionyesheni," nikasema, "pembe ziko hadithi ya ngapi?"
Mhasibu akakohoa.

Rajabu Shekalaghe hakuandika pembe.
Aliandika karani wa mkonge, huko Pongwe,
anayehesabu alfajiri vibarua arobaini na mmoja,
jioni akalipa arobaini na wawili,
na fedha zisipungue.
Aliandika kiti ambacho kila asubuhi kina joto
katika nyumba ya mtu aishiye peke yake.
Aliandika kisima kinachoitika "labeka"
kabla hujaita.
Mambo madogo. Mambo ya kukufanya, taa ikizimwa,
uhesabu upya vidole vyako.

Semboja kaleta michoro kumi na miwili.
Kiti: kizuri mno, utadhani tangazo la seremala.
Kisima: kisima ni kisima.
Mapango ya Amboni, "kwa ajili ya watalii."
Huo niliulaza kifudifudi bila neno.

Lakini kilichotunyima usingizi ni yaliyomo.
Orodha ya toleo la kwanza inataja hadithi tisa.
Nimezihesabu kwa kalamu, nikazihesabu kwa kidole: nane.
Ya tisa, "Mgeni wa Mke Wangu", ukurasa wa 113.
Kitabu kinaishia 112,
gundi haijaachia, uzi haujakatwa.
"Tuifute," mhasibu. "Kosa la mpiga chapa."
"Tuiandike," Semboja. "Nani atajua?"
Nilinyamaza. Niliona haya
kwamba kichwani nilikuwa nimeshafika aya ya pili.

Alhamisi tukampandisha ngazi mjane, Bi Mwanshamba,
akipumzisha goti kila kipandio cha tatu.
Majalada hakuyatazama.
Kusoma hakujui, alisema, kama mtu asemaye hali pilipili;
mumewe alimsomea kila karatasi kabla wino haujakauka,
na pale alipopiga miayo, pale palikatwa.
(Miaka yote hii nimekuwa nikimsifu mhariri asiye na jina.)
Nikamuuliza ya tisa.
Akacheka kwa pua, akajiweka sawa kitini,
akajibu kwa mizani, kama walivyofunzwa watu wa rika lake:

"Nane ziuzeni nyie, zisomwe na walimwengu,
kila mja asikie, maneno ya mume wangu;
ya tisa msiijie, hata muwe na uchungu,
aliniambia mimi, hadithi hiyo ni yangu."

Ukaja mkataba. Ukaja wino wa muhuri.
Kidole gumba akakigandamiza palipoandikwa "sahihi",
akakizungusha kidogo, kama afungaye kifungo kigumu.
Semboja akasimama, akaipeleka ile karatasi dirishani,
akakaa nayo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Basi jalada ndilo hili:
ukurasa wa daftari la mahudhurio,
mistari arobaini na mmoja ina majina,
wa arobaini na mbili una dole gumba tu.
Kijani ni kile cha toleo la kwanza. Nimekipigania.

Na orodha inataja tisa.
Mhasibu kapiga hesabu ya karatasi tupu kwa nakala elfu,
kaniandikia jumla kwa kalamu nyekundu, kaipigia mstari.
Mpiga chapa naye kapiga simu leo, mara mbili:
"Mama, huku mwisho kuna ukurasa hauna kitu."

Nimeuona, nikamwambia. Uchape.